Remmy Yupi Tunayemlilia?

Ukitaka kuanzisha ubishi wa bure Kariakoo, usiongelee Simba na Yanga, huo umeshazoeleka. Taja Remmy Ongala, halafu sema kwamba nyimbo zake za injili ni nzuri kama zile za zamani. Au sema kinyume chake, maana matokeo ni yaleyale: kuna atakayekuunga mkono kwa nguvu, kuna atakayekuona umemkufuru marehemu, na katikati yao atatokea mmoja wa kuuliza: kwani mnamzungumzia Remmy yupi?

Kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Daktari Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010, nyumbani kwake Sinza, mahali ambapo mpaka leo kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Lakini kwa baadhi ya mashabiki wake alikufa miaka kadhaa kabla ya hapo, siku alipookoka na kuiacha dansi. Kwa wengine, siku hiyohiyo ndiyo alizaliwa. Makundi haya mawili yamekuwa yakigombea urithi wake tangu hapo, na nadhani yote mawili yamemsikiliza nusu.

Tuanze na yule wa kwanza, kwa faida ya waliozaliwa juzi. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Hadithi ya kuzaliwa kwake wengi wanaijua: mama yake alikuwa amepoteza watoto, mganga akampa masharti, na mtoto akatoka tumboni na meno mawili tayari. Kutoka hapo likaja jina la Daktari, na pia zile nywele ambazo hazikutakiwa kukatwa. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, na baadaye akahamia Matimila, ambayo chini yake ikawa Super Matimila. Muziki wake aliuita ubongo. Bongo ni jina la mji huu, kwa sababu bila akili huishi hapa, na ubongo ni kile unachokibeba kichwani. Yaani alikuwa anatuambia mapema kwamba huu ni muziki wa kucheza na kuwaza kwa wakati mmoja.

Mambo aliyoyawaza hayakuwa ya kawaida kwa ukumbi wa bia. Katika "Mnyonge Hana Haki" alisema kuhusu maskini yale ambayo watu walikuwa wakiyasema kwa sauti ya chini. "Kifo" na "Siku ya Kufa" ziliwafanya watu wacheze huku wakimkumbuka marehemu wao. "Mambo kwa Soksi" aliitoa wakati ukimwi unaingia kwenye kila nyumba na wakubwa wakiona haya kutaja kondomu. Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, na katika nchi iliyokuwa na redio moja, kutopigwa redioni kulikuwa kama kutozaliwa. Hata hivyo wimbo uliwafikia watu. Ulipita kwenye kaseti, na kaseti zilipita hapa hapa Kariakoo, kwenye vibanda ambako waliokuwa wakirudufu hawakuwa wakimuuliza msanii wala kumlipa.

Huko nje nako mambo yakanoga. WOMAD, tamasha ambalo mwanzilishi wake mmojawapo ni Peter Gabriel, mwanarock wa Uingereza, lilimchukua Remmy na bendi yake mwaka 1988. Kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Na hapo ndipo penye jambo ambalo mashabiki wa zamani hulisahau: hata "Mambo" ililalamikiwa. Ina nyimbo za Kiingereza, na wapo waliosema Daktari sasa anawaimbia Wazungu. Kwa hiyo malalamiko kwamba Remmy ametuacha hayakuanza na wokovu. Kila alipogeuza shingo kidogo, kuna mtu nyuma alihisi ameachwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akageuka mwili mzima. Alikuwa ameugua kiharusi, na sukari ilikuwa inamsumbua. Akaokoka. Nywele za masharti ya mganga zikaondoka. Akaanza kuimba injili.

Hoja za waliokasirika nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzipanga. Ya kwanza ni ya sikio: wanasema magita yamepotea, lile solo lililokuwa likizunguka dakika nane bila kuchoka halipo tena. Ya pili ni ya kisiasa: mnyonge amenyang'anywa msemaji wake, kwa sababu mtu aliyekuwa akidai haki ya hapa duniani sasa anamwambia maskini asubiri ya mbinguni. Ya tatu, ambayo haisemwi wazi, ni ya mapenzi. Mtu aliyemchumbia mke wake kwenye dansi la Matimila anaposikia kwamba mwenye dansi ameitubu dansi hiyo, anajiuliza: basi na ujana wangu ulikuwa dhambi?

Upande wa pili una jibu fupi. Siku moja nilikuwa Mtaa wa Kongo, kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye flash, na wateja wawili wakaanza kushindana juu ya Remmy gani aingizwe. Mzee mmoja alikuwa anasikitika kwamba Daktari aliharibikiwa mwishoni. Mama aliyekuwa pembeni na kikapu chake akamgeukia, akamwambia, "Baba, wewe ulikuwa unacheza. Mwenzio alikuwa anaumwa." Mzee akanyamaza. Kijana akaziingiza zote, maana bei ni ileile.

Nimeifikiria sana kauli ya yule mama. Ni kweli kwamba wengi tunaodai msanii abaki alivyokuwa, tunadai kitu ambacho mwili wake umeshindwa kukitoa. Na tunadai bila kulipa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chini yake ikaundwa COSOTA. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa muda mrefu, mwanamuziki wa dansi alikuwa akiishi kwa kiingilio cha mlangoni. Akilala kitandani, kiingilio hakuna. Mtu aliyenunua kaseti ya kurudufiwa halafu akasema Remmy amemsaliti, naomba kwanza tuangalie nani anamdai nani.

Lakini huruma si uhakiki. Mtu anaweza kuwa na haki zote za kuimba anachotaka, na alichoimba kikawa dhaifu. Kwa hiyo swali linabaki: zile nyimbo za mwisho, kama kazi ya maneno, zinasimama wapi?

Wenzetu huko nje walishapitia hili. Bob Dylan, huyu aliyepewa Nobeli ya fasihi mwaka 2016, aliokoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 1979 akatoa "Slow Train Coming". Novemba ya mwaka huo, kwenye ukumbi wa Warfield, San Francisco, alipanda jukwaani usiku baada ya usiku akiimba nyimbo za wokovu tu, bila hata moja ya zile zilizompa jina. Baadhi ya watu walimzomea. Leo wahakiki wamerudi kuzisikiliza upya rekodi za kipindi kile na kuona sauti yake ilikuwa na moto. Tofauti ni kwamba Dylan aliishi miaka mingi baadaye, akatoa albamu nyingine nyingi, na wokovu ule ukawa sura moja katikati ya kitabu. Kwa Remmy ndiyo ilikuwa sura ya mwisho, na sura ya mwisho ina tabia ya kutulazimisha tukisome upya kitabu kizima.

Basi tukisome. Chukua "Kifo". Pale Remmy hamwelezi msikilizaji kifo ni nini. Anakilalamikia chenyewe, kama mtu anayemlalamikia jirani mkorofi asiyesikia, na nguvu yote ya wimbo iko kwenye ukweli kwamba aliyelalamikiwa hajibu. Magita yanaendelea kuzunguka, malalamiko yanarudi palepale, na mwisho wa wimbo hatujapewa faraja yoyote zaidi ya kujua kwamba hatulii peke yetu. Hiyo ni fasihi kubwa. Mshairi ameuliza swali na kuwa na ujasiri wa kuliacha wazi.

Sasa linganisha na injili ya Bongo ya miaka ile kwa ujumla wake, ambayo Remmy aliingia akiwa mtu mzima na mgonjwa. Fomu yake inajulikana: shida inatajwa mwanzoni, na kabla hujakaa nayo vizuri jibu limeshafika, nalo ni lilelile kwa kila shida. Mwimbaji hazungumzi tena na kifo, anazungumza na waumini kuhusu kifo kilichoshindwa. Naamini hapa ndipo kilipo kile wanachokikosa mashabiki wa zamani, ingawa wao husema ni magita. Wamekosa swali.

Hapo ndipo wapinzani wa wokovu hukimbilia kusema: mnaona, dini inaua sanaa. Hapana jamani. Fasihi yetu wenyewe inakanusha. "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni utenzi wa mtu wa dini asiye na shaka na Mola wake. Na bado anauhoji moyo wake bila huruma, anatutembeza kwenye majumba ya Pate yaliyobaki magofu na kuuliza wako wapi waliokuwa wakijivuna humo. Imani yake haikuziba maswali, iliyapa uzito. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwamba Remmy alianza kumwamini Mungu. Tatizo ni kwamba aliingia kwenye nyumba ya muziki ambayo ilikuwa na haraka ya kujibu.

Na hata humo, ukisikiliza kwa utulivu, mtu ni yuleyule. Hili ndilo waliobaki ukumbini hawataki kulisikia. Remmy alikuwa mhubiri tangu zamani. Nini kingine "Mambo kwa Soksi" kama si mahubiri? Kuna onyo, kuna dhambi ya uzembe, kuna mauti, kuna njia ya kuokoka, ila tu njia yenyewe ilikuwa inauzwa kwenye pakiti. Viongozi wa dini waliuchukia wimbo ule, lakini umbo lake walilifahamu vizuri, kwa sababu lilikuwa umbo lao. Alizungumza na umati kama mchungaji, akawaita kwa hali zao, akawaonya, akawachekesha, akawaonya tena. Ukumbi ulipobadilika kuwa kanisa, hakuhitaji kujifunza kusimama mbele ya watu.

Na nyinyi mlioshangilia alipookoka, nina neno na nyinyi pia. Msituambie kwamba zile za mwanzo zilikuwa za shetani. Mtu aliyemlilia maskini hadharani, aliyewataja wafu wa watu ambao hawakuwa na wa kuwataja, aliyehatarisha jina lake ili vijana wasife, alikuwa anafanya kazi ambayo makanisa na misikiti mingi wakati ule iliiogopa. Kuna usiku nimeisikiliza "Kifo" nikiwa nimetoka kuzika, na sijui sala gani ingenifaa zaidi. Mkizitupa nyimbo hizo mnautupa ushuhuda wake wa kwanza.

Msimamo wangu, kwa sababu uhakiki bila msimamo ni porojo: kazi kubwa ya Remmy Ongala ni ile ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Nyimbo za injili haziifikii, na kuwa kwake mgonjwa si sababu ya sisi kudanganya. Ila neno "usaliti" nalikataa. Msaliti ni yule anayekuacha akijua anakwenda pazuri bila wewe. Huyu alikuwa mzee wa kiharusi aliyekuwa amekilalamikia kifo miaka yote kwa niaba yetu, mpaka kikaja kukaa chumbani kwake mwenyewe. Kuuliza ukiwa na nguvu, magita matatu na ukumbi uliojaa si sawa na kuuliza ukiwa kitandani. Alitafuta jibu. Sisi tuliokuwa tukicheza tungempa lipi?

Fanya jaribio hili: weka "Kifo" ya Matimila, na ikiisha tu weka wimbo wake wowote wa injili, bila kuongea katikati. Wa kwanza utakushinda, nina hakika. Lakini usikilize wa pili kana kwamba ni mtu yuleyule ndiye anayejibu swali lake mwenyewe baada ya miaka mingi. Jibu linaweza lisikuridhishe. Mimi halijaniridhisha. Ila sasa, ninapousikia wa kwanza, namsikia mtu aliyekuwa anataka kweli kujibiwa.