Fundi wa Spray

Joshua Slocum alipong'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili 1895, hakuna aliyewahi kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Alitia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya maili zipatazo 46,000. Wengi humsifu kwa ushujaa. Mimi namsifu kwa useremala: ndani ya chombo chake, Spray, palikuwa na vitu vichache mno ambavyo mtu mmoja mwenye tezo, nyundo na sindano ya tanga asingeweza kuvitengeneza mwenyewe.

Chombo alipewa bure, nacho kilifanana na bei yake: mashua kuukuu ya kuvulia chaza, imeegemezwa shambani Fairhaven, Massachusetts. Alikijenga upya kipande kwa kipande. Mkuku ulitoka kwenye mti wa mwaloni ulioangushwa karibu, mataruma akayapinda kwa mvuke, ubavuni akapigilia mbao za msonobari zenye unene wa inchi moja na nusu. Kalafati ilikuwa ya tabaka mbili, uzi wa pamba ndani na nyuzi za kamba kuukuu juu yake. Waliokuja kutazama walimwonya kwamba pamba itatoka. Kazi ilichukua miezi 13 na dola 553.62.

Chini alipaka rangi ya shaba. Pwani yetu kazi hiyo ilifanywa na deheni, yaani chokaa na shahamu, na adui ni yuleyule, mdudu atoboaye mbao zikiwa majini. Alipokipandisha chombo nchi kavu Devonport, Tasmania, hakukuta tundu hata moja, lakini akapaka tena kwa sababu mbele yake kulikuwa na bahari ya joto. Pampu ilitumika kidogo kabla ya Australia. Baada ya hapo hadi nyumbani haikuguswa. Aliyewahi kufua maji ngamani usiku, tena peke yake, anajua thamani ya habari hiyo.

Alilalaje, basi? Kutoka Thursday Island hadi visiwa vya Keeling, safari ya maili 2,700 na siku 23, alishika usukani saa zisizozidi tatu kwa jumla, kuingia bandarini kukiwemo. Aliufunga kwa kamba, chombo kikaenda. Mkuku mrefu ulikizuia kuyumba upesi. Kikijielekeza kwenye upepo, tanga kuu lililegea huku la mbele likiendelea kuvuta, na omo ikarudi njiani. Katika Mlango Bahari wa Magellan aliongeza mlingoti mdogo wa galme nyuma, akapunguza ukubwa wa tanga kuu lililokuwa zito kwa mikono miwili.

Usukani ukiwa umefungwa, alipika, akasoma, akashona matanga. Asubuhi aliokota panzi wa baharini walioangukia sitahani. Kwenye ufuo wa Magellan aliokota pia mapipa ya shahamu. Alipofika kisiwa cha Juan Fernández akaikaangia donati, akawafundisha wenyeji kuzipika, kisha akawauzia shahamu. Hasara yake ya kipuuzi ililetwa na mbuzi aliyepewa St. Helena: alitafuna ramani ya West Indies pamoja na kofia.

Kwenye saa, ubahili wake unanishangaza hadi leo. Kronomita yake ilihitaji dola 15 kusafishwa na kurekebishwa, akaiacha nyumbani, akanunua saa ya bati kwa dola moja kwa kuwa kioo chake kilikuwa kimevunjika. Baadaye ilipoteza mkono wa dakika. Akaichemsha majini, ikaendelea kuonyesha saa. Hesabu yake haikuitegemea sana. Siku ya 43 kutoka Juan Fernández alipima umbali kati ya mwezi na jua, jibu likamweka mamia ya maili mbali na pale alipojua yupo. Alipima tena, jibu likatoka karibu lilelile. Ndipo alipofungua majedwali ya hesabu, akatafuta kosa humo, akaona safu yenye namba zilizokosewa. Alipozisahihisha, jibu likakubaliana na makadirio yake.