Uluguru Katika Ramani ya Mchezo

Mwanangu ana miaka 16. Likizo iliyopita alinionyesha mchezo wa kompyuta uitwao Victoria 3, uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Mchezo unaanza mwaka 1836 na kwenda miaka 100. Mchezaji huchagua nchi, hupanga kodi, hujenga viwanda, hupigana vita. Nikamwambia achague sisi. Akasogeza ramani hadi bara, nyuma ya Zanzibar, akabonyeza.

"Haiwezekani, baba. Hawa hawachezeki."

Jamii nyingi za bara zimewekwa katika kundi la nchi zisizo na serikali kuu. Zina jina na rangi yake, lakini hakuna awezaye kuziongoza. Zinangoja tu dola lenye uwezo lije kuanzisha koloni, na wenyeji wakikasirika, hasira yao huonekana kama namba inayopanda.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mchezo huu hauufichi ukoloni, wala hausemi kwamba bara lilikuwa tupu, kama ulivyofanya Victoria II wa mwaka 2010. Ugomvi wangu uko kwenye swali unalouliza chini kwa chini: mfalme wenu ni nani? Asiyekuwa naye hahesabiwi.

Swali hilo Morogoro tunalijua. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za watu aliowaita masultani. Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi, na mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakapiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Baadaye Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1926, wakataka kila kabila liwe na chifu wake. Lakini Uluguru ardhi ilikuwa mikononi mwa koo, na koo zenyewe zinafuata upande wa mama. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa sababu ya mvua. Kuombewa mvua na mtu si kumpa ruhusa ya kukupangia jinsi ya kulima shamba lako.

Serikali ilikuja kulijua hilo mwaka 1955. Ilikuwa imeamuru watu wachimbe matuta ya ngazi milimani, machifu wakiwa upande wake, na watu wa Matombo wakakataa hadi ghasia zikazuka. Hao ndio watu "wasio na serikali". Walijua vizuri nani ana haki ya kusema juu ya shamba, na hakuwa yule aliyeandikwa na bwana shauri.

Na mji wetu je, ungepakwa rangi gani? Ulianzishwa na Kisabengo, Mzigua, aliyekusanya watu wa kila namna ndani ya ngome yake, kisha binti yake Simbamwene akashika nafasi yake.

Nasi kanisani tusicheke. Misheni ya Leipzig ilishika Kilimanjaro, Bethel Usambara, Berlin kusini. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, ramani ile ilibaki vichwani. Nimekaa katika vikao vya uchaguzi wa wazee ambamo watu walihesabiwa kwa kabila kabla ya kuulizwa kama wanasali. Nimesikia pia Matendo 17:26 ikitumiwa kutetea mipaka, kana kwamba Mungu ndiye aliyeshika rula mwaka 1886. Wanaoutumia hivyo huruka mwanzo wa mstari, pale Paulo anapowaambia Waathene kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja, na hawafiki mstari wa 27, unaosema kusudi lake ni watu wamtafute Mungu.

Mimi ni Mpare, mke wangu Mluguru. Kwa wazee wa Kipare watoto ni wangu. Kwa wajomba zao wa Mgeta ni wa ukoo wa mama yao. Pande zote mbili zinawadai, na kwenye misiba zote mbili zinawaita. Mchezo ule humpa kila mtu utamaduni mmoja tu.

Mwezi uliopita kijana alijaza fomu ya kipaimara. Kwenye nafasi ya kabila aliandika Mpare, akafuta, akaandika Mluguru, akafuta tena. Karatasi ilikuwa imeanza kutoboka aliponiletea nitie sahihi. Nimetia, na nafasi ile nimeiacha kama ilivyo.