Utenzi wa Washindi: Os Lusíadas na Pwani ya Waswahili

Mashuleni mwetu safari ya Vasco da Gama hufundishwa kwa tarehe na kwa ramani. Ni nadra mwanafunzi kuelezwa kwamba safari hiyo ilitungiwa utenzi mkubwa, na kwamba sehemu nzima za utenzi huo zimewekwa Msumbiji, Mombasa na Malindi. Utenzi wenyewe ni Os Lusíadas wa Luís de Camões, uliopigwa chapa Lisbon mwaka 1572. Una sehemu 10 na beti 1,102, kila ubeti una mishororo 8. Kwa kuwa pwani yetu imo ndani yake, hatuna budi kuuhakiki sisi wenyewe.

Kwa upande wa fani, hakuna anayeweza kuukana ustadi wa Camões. Ameazima miungu ya Warumi wa kale: Venus huwasaidia Wareno, Bacchus huwapinga. Lakini fani hiyo ndiyo iliyobeba itikadi. Watu wa Msumbiji na Mombasa wanapowashuku wageni wenye mizinga, mtunzi haipi shaka yao asili katika akili na busara zao. Asema wamechochewa na Bacchus, aliyejigeuza sura. Hivyo mwenyeji amenyang'anywa hata sababu ya kujihadhari. Mfalme wa Malindi ndiye pekee asifiwaye, na kazi yake kubwa ni kuketi na kusikiliza historia ya Ureno. Katika utenzi huu Mswahili ama ni mhaini ama ni msikilizaji mpole.

Ni vema tuulinganishe utenzi na ushahidi mwingine. Ipo shajara iliyoandikwa na mtu aliyesafiri na Gama mwenyewe. Yeye aeleza kwamba Wareno waliupiga mji wa Msumbiji kwa mizinga. Walipofika Mombasa, Aprili 1498, Gama aliamuru mateka wawili wadondoshewe mafuta ya moto mwilini ili wakiri njama. Wakakiri kwamba Wareno wangekamatwa bandarini, kulipa kisasi cha Msumbiji. Camões aimba mizinga ya Msumbiji kama ushujaa. Mafuta ya moto hayataji kabisa. Kadhalika shajara yasema kwamba huko Malindi Gama alimzuia melini mtumishi wa karibu wa mfalme mpaka alipoletewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Katika utenzi rubani huyo ni zawadi ya urafiki. Jina lake halijulikani kwa yakini. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari, lakini wataalamu wengi hawakubali tena dai hilo.

Shahidi wa tatu ni wa kwetu. Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia ziara hiyohiyo ya Malindi kwa maneno machache. Yasema kwamba wenyeji walipowaona Wareno waliwatambua kuwa ni watu wa vita na ufisadi, wakaingiwa na hofu kuu, wakawapa maji, chakula na kuni, na kila walichokitaka. Ukarimu ambao Camões aupamba kwa beti nyingi, mwandishi wa Kilwa auita hofu. Waswahili wamenena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Msomaji aliyesikia ngoma moja tu atajuaje kwamba ngozi imevutwa?

Madhara ya uvutaji huo yaonekana katika sehemu ya 10. Humo nimfa mmoja atabiri kwa wimbo mambo yatakayotendwa na Wareno baada ya Gama, na miongoni mwake ni kutekwa kwa Kilwa na kuchomwa moto kwa Mombasa, mambo yaliyotendwa kweli na Francisco de Almeida mwaka 1505. Mtunzi akiri kwamba Mombasa ulikuwa mji wenye majumba mazuri. Kisha asema moto ule ni malipo ya uovu wake wa zamani. Hapo twatambua kwa nini uhaini wa Mombasa ulihitajiwa tangu mwanzo wa utenzi: bila ya huo, moto wa 1505 ungebaki kuwa unyang'anyi mtupu.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba Camões hakuwa kasuku wa watawala. Mwishoni mwa sehemu ya 4, meli zikiwa tayari kung'oa nanga, mzee mmoja asimama pwani ya Restelo na kuilaani tamaa ya utukufu inayowaacha wajane na kuiangamiza nchi. Mtunzi mwenyewe aliyaonja matunda ya safari hizo: aliishi katika kisiwa cha Msumbiji kwa ufukara, akisaidiwa chakula na marafiki. Lakini utawala wa Salazar haukumsikiliza mzee wa Restelo. Tarehe 10 Juni, siku aliyofariki Camões mwaka 1580, ilifanywa sikukuu ya taifa, na tangu 1963 ikawa siku ya kuwatukuza askari waliopigana vita vya kikoloni Afrika. Vita hivyo viliwachosha askari wenyewe, wakaupindua utawala huo tarehe 25 Aprili 1974. Na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, miaka 13 kamili tangu FRELIMO iundwe Dar es Salaam.

Je, tuutupe utenzi huu? La. Mwalimu na ausomeshe, lakini auweke pamoja na shajara ya baharia na Tarikhi ya Kilwa juu ya meza moja, kisha awaulize wanafunzi wake: ni nani anayesema, ni nani aliyenyamazishwa, na kunyamaza kwake kumemfaa nani? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa na uzuri wa lugha, hata lugha hiyo ikiwa ni yake mwenyewe.