Najum Aliona Yote

Mwaka jana niliandika hadithi ya konda wa daladala. Kabla ya kuandika nilizunguka Kariakoo wiki tatu na daftari langu. Nikanakili nauli, saa ya gari la kwanza, bei ya chai na chapati mbili, hata idadi ya viti. Nikajiona mwandishi kwelikweli! Nikampa shangazi asome. Akanirudishia karatasi na swali moja tu: "Mwanangu, nauli naijua, nailipa kila siku. Huyu kijana wako anaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilinuna siku mbili, kisha nikafungua tena kitabu nilichokisoma zamani kama burudani tu: Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Humo maiti inakutwa mzimuni, na mpelelezi wetu, Bwana Msa, anaingia kazini na kiko chake, akifuatana na rafiki yake Najum.

Sasa, ndugu msomaji, mtazame huyo Najum. Anafika anapofika Bwana Msa, anayaona yale yale, anayasikia yale yale. Si kipofu wala si mjinga. Lakini vitu alivyoviona vinabaki vipande, kimoja huku kingine kule. Hiyo ndiyo data. Ukivipanga, ukajua nani alikuwa wapi na lini, umepata taarifa. Polisi mwenye bidii anaweza kufika hapo. Bwana Msa anakwenda mbele zaidi. Anauliza watu hawa wana siri gani za ukoo, wanaficha nini na kwa nini. Hayo ni maarifa, na ndiyo yanayomwezesha kuuona mkono wa binadamu pale ambapo wengine wanauona mzimu.

Nikarudi kwa konda wangu. Nauli ni data. Kwamba kila jioni fedha zake hazifiki hesabu anayodaiwa na tajiri, hiyo ni taarifa. Lakini mbona kila asubuhi anampandisha bibi mmoja bure, naye anajua jioni atatukanwa? Bibi huyo nilimwona kwa macho yangu. Nilichofanya ni kumhesabu pamoja na abiria wengine. Nilikuwa Najum mtupu.

Na siko peke yangu, washikaji. Hadithi nyingi tunazosomeana zimejaa majina ya mitaa, aina za simu na bei za viatu. Tunadhani huo ndio uhalisia. Msomaji anazo data zake. Ukimmwagia nyingine tu, anadata. Sisemi tuandike bila kutafiti. Asiyekwenda kituoni hana hata cha kufikiria, na Bwana Msa mwenyewe bila vile vipande asingefika popote. Ninachosema ni kwamba daftari likijaa, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hata hivyo nina ugomvi kidogo na mzee wetu. Bwana Msa huyafungia maarifa yake mfukoni mpaka mwisho, halafu anatueleza yote kwa mpigo, nasi tunakaa kama darasani. Kwa hadithi ya upelelezi sawa, mchezo ndivyo unavyokwenda. Lakini sisi tunaoandika habari za makonda, mama ntilie na wapangaji tusiige hilo. Swali la shangazi liwepo tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji ahangaike nalo pamoja nasi.

Hadithi yangu bado haijaisha. Nimeshafuta viti, chapati na saa ya gari la kwanza. Nimebakiza bei moja tu: nauli ya yule bibi, ambayo hakuilipa.