Juu ya Neno "Kuchora" na Picha Sahili za Dar es Salaam

Kamusi za kale zaeleza ya kuwa kuchora ni kukata nakshi katika mti, wala si kupiga mistari kwa kalamu tu. Maana hiyo yampasa kila mwalimu kuikumbuka atazamapo picha, kwani mkata nakshi hufanya kazi yake kwa kuondoa, na kilichobaki ndicho chenye sura.

Twauona usahili huo katika maduka ya khanga ya Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Khanga ina pindo kandokando, mji katikati, na jina chini yake. Mara nyingi katika mji huwekwa kitu kimoja tu, kama embe au jogoo, nacho hutambuliwa na mtu aliye ng'ambo ya njia.

Jambo lilo hilo laonekana katika picha za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyefanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, isiyo mbali na Kariakoo. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za mraba, akaendelea hata alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Katika picha zake zilizo bora yumo mnyama mmoja juu ya rangi chache. Hapana kivuli wala milima ya mbali.

Wako wasemao ya kuwa huo ni upungufu wa elimu. Sisi hatukubali. Mtazame chui wake: mwili umekaa ubavu, uso watuelekea sisi, na mkia umepindwa hata ukajaza mahali palipokuwa tupu. Asiyejua kazi huogopa nafasi tupu, akaijaza kwa lolote.

Waliomfuata waliongeza mengi. Picha zao za soko au za hospitali hatuzilaumu, kwa kuwa wingi wa watu ndio habari yenyewe. Lakini twiga, tembo na jua lichwalo, vilivyorundikwa ubao mmoja ili kumpendeza mgeni, havina neno la kumwambia.

Hasara hiyo yaweza kuingia hata darasani mwetu. Mwalimu achoraye mfano wa kondoo aliyepotea, akatia milima, mto na mawingu, ataulizwa na watoto kama mtoni mna mamba. Watakwenda zao na mamba, na kondoo watamwacha ubaoni. Basi kabla ya kupiga mstari mwingine, na ajiulize watoto watakosa nini usipokuwapo. Mchungaji, kondoo mmoja, na kichaka kimoja cha miiba vyatosha.