Nani Alipandishwa Hadhi?

Chuo Kikuu cha Kisii kina historia fupi inayosimuliwa karibu vilevile kila mahali. Inaenda hivi. 1965, chuo cha kufunza walimu wa shule za msingi, kwenye ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. 1983, kikawa cha kufunza walimu wa sekondari, wale wa diploma. 1994, Egerton ikakichukua kama tawi lake. 1999, kitivo cha biashara kikahamia hapo. Agosti 2007, chuo kikuu kishiriki. Tarehe 6 Februari 2013, Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Basi.

Sina ubishi na tarehe hizo. Ubishi wangu ni na kitenzi. Tukiisimulia kwa Kiswahili, hadithi yote inabebwa na neno moja, "kupandishwa hadhi", na neno hilo linafanya ujanja. Halina mtendaji: chuo kinapandishwa, lakini aliyekipandisha na sababu yake havionekani. Halafu linajua kwenda juu tu. Ukishapanda, ulikotoka panageuka chini, na nani ana haja ya kuuliza watu wa chini walikuwa wakifanya nini?

Walikuwa wakifanya kazi, tena kubwa. Angalia pengo lililoko kati ya 1965 na 1983. Miaka kumi na minane, na hadithi inairuka kama matatu inayopita stejini bila kusimama. Ndani ya pengo hilo kuna mwaka wa 1974, serikali ya Kenyatta ilipofuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne. Nchini kote, karibu watoto milioni moja zaidi waliingia shule za msingi kwa mkupuo. Madarasa yakajaa, na mengi yakafundishwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu. Sasa fikiria chuo kinachotoa walimu waliofunzwa kilikuwa na uzito gani Gusii siku hizo, wakati Nyamira bado iko ndani ya wilaya ya Kisii. Mwalimu wa P1 aliyeripoti shule ya kijijini alikuja na kitu ambacho mwaka huo hakikupatikana kirahisi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura nono kuliko zote katika historia ya chuo hiki, na ndiyo isiyoandikwa.

Kisha kuna zile ekari 61. Sisi tuliotoka Birongo tunajua ardhi ya Gusii inavyopimwa: baba anagawia wana vipande, wana nao wanagawia wao, mpaka shamba linabaki ukanda wa migomba na majani chai. Baraza kutoa ekari 61 kwa ajili ya walimu wa watoto wadogo ni uamuzi uliosema kitu kuhusu kile ambacho watu walikithamini. Historia inautaja kama kipimo cha kiwanja tu.

Wala si Kisii pekee. Siriba, chuo cha ualimu, kiliingia ndani ya Chuo Kikuu cha Maseno. Chuo cha ualimu cha Narok leo ni Maasai Mara. Cha Bondo ni Jaramogi Oginga Odinga. Cha Garissa nacho kikafuata njia hiyohiyo. Maasai Mara na Jaramogi zilipata hati zao Februari 2013, mwezi uleule wa Kisii, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4. Tulipata vyuo vikuu, sawa, na tulivihitaji. Lakini ni kama tuliamua kwamba mahali pa kumfunza mwalimu wa darasa la kwanza ni mahali pa kuhama.

Ukivuka mpaka ukaenda Iringa, Tanzania, utakuta ilikuwa zamu ya shule ya upili. Shule ya Sekondari ya Mkwawa iligeuzwa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kuitwa Mkwawa, ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa Wazungu. Angalau pale jina lilibaki. Mtu akilisikia anaweza kuuliza, na swali moja linamrudisha shuleni, kisha kwa wakoloni, kisha kwa mtawala wa Wahehe mwenyewe. Jina la Kisii halimrudishi mtu popote, ni la tauni tu.

Na hapo tauni, Kisii School, iliyoanzishwa 1934, haina shida hii, maana bado ni shule. Ina wazee wake wa kuisifia na kuizidishia chumvi. Chuo kilichogeuzwa kitu kingine hakina hata wa kukitilia chumvi.

Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, kwa hivyo nimesikia neno hadhi likitumika vizuri sana kwenye matanga na harusi. Labda ndiyo maana linaniwasha.

Historia ninayoitaka si ngumu kuandika. Shule ambako wanachuo walipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Kumbukumbu za kikao cha baraza kilichotoa ardhi. Na walimu wenyewe: aliyeingia 1965 akiwa na miaka ishirini sasa amegonga themanini. Wengine bado wanakuja sokoni Keumbu, na wanafunzi wao, ambao nao ni babu na nyanya sasa, bado wanawaamkia "mwalimu".