Herufi D kwenye Jiko la Mkaa

Buhemba, wilayani Butiama, nilimkuta mama ntilie akipepea jiko kwa kipande cha boksi. Kilikatwa kwa kisu butu, lakini mraba wa rangi ya chungwa uliosimama kwa ncha ulikuwa mzima: juu mchoro wa kitu kinachopasuka, chini yake 1.1D, na kwenye kona ya mwisho 1 peke yake.

"Mama, hiki kimetoka wapi?"

"Boksi tu mwanangu, lilishaisha."

Maharage yakaendelea kuchemka, nami nikabaki nakisoma kipepeo kile kama mtu aliyeletewa utenzi wa herufi nne.

1 ya kwanza ni jamii: baruti na ndugu zake. Ya pili ni tabia: mzigo wote huondoka kwa pigo moja. D ni ujirani. Inasema hii ni baruti kama ile ya kulipulia miamba, isiyo na fataki, yaani kiwashio chake, ndani yake. Fataki kwa kawaida hubeba B, na ndiyo maana stoo ya baruti na stoo ya fataki hutenganishwa. Yaani herufi moja imejenga ukuta.

Kinachonivutia zaidi ni sarufi yake. Waingereza, chini ya Sheria ya Baruti ya 1875, waligawa madarasa 7 kwa kuuliza kilichomo: baruti nyeusi, michanganyiko ya naitreti, na kadhalika hadi fashifashi. Hizo ni nomino tupu. Mfumo wa Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliochapwa kwenye kipepeo kile, unauliza kitafanya nini. Umehamia kwenye kitenzi, na hapo naupigia makofi.

Lakini tarakimu zake zinamdanganya msomaji. 1.1 hulipuka yote, 1.2 hurusha vipande, 1.3 ni ya moto zaidi, 1.4 madhara yake huishia karibu na kifurushi. Ukishazoea kushuka ngazi hiyo, unakanyaga 1.5 na kukuta si kidato cha chini hata kidogo: ni baruti iliyo ngumu kushtuka, ila ikishtuka huondoka yote kama 1.1. ANFO, baruti ya punje inayomiminwa kwenye matundu ya mwamba, mara nyingi hupangwa humo. Na tazama mchoro. Upo kuanzia 1.1 hadi 1.3, kisha kuanzia 1.4 unaondolewa na nafasi yake inachukuliwa na namba kubwa. Kwa hiyo kwenye gunia la 1.5, mtu asiyejua kusoma namba hakuti hata picha ya kumshtua. Aliyebuni umbo hili alimfikiria karani wa bandarini kuliko mbeba mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni haraka. Fataki ile ile yaweza kuwa 1.1B, 1.4B au 1.4S kutegemea ilivyofungashwa. Namba basi haikipimi kitu chenyewe, inakipima kikiwa ndani ya boksi lake, na vizuizi vyake, na nafasi kati ya kimoja na kingine. Mchimbaji wa Kinyambwiga, Bunda, akizimwaga fataki kwenye mfuko wa rambo na kupanda bodaboda, 1.4S imebaki nyuma na boksi. Alichokipakata hakina jina tena. Sheria yetu ya Baruti ya 1963, Sura ya 45, yenyewe humuuliza mtu: ana kibali cha kununua, cha kutunza, cha kusafirisha? Karatasi hizo ndizo zinazowapeleka wachimbaji kwa Afisa Madini pale Musoma. Kati ya sheria inayomsoma mtu na alama inayolisoma boksi, mfuko wa rambo unapita bila kusomwa na yeyote.

Utaratibu unataka boksi tupu liharibiwe au alama yake ifutwe, kwa kuwa alama isiyo na kitu ni uongo uliochapwa vizuri. Mama ntilie hakuhitaji kuambiwa. Kwake ile chungwa haikusema lolote. Ukingo wa chini, penye ile 1 ya peke yake, ulikuwa umeanza kuungua. Akakigeuza kipande juu chini, akakung'uta majivu, akaendelea kupepea.